Kutumia Rekodi za Kiutawala katika Utafiti wa Afya ya Jamii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu ni yale yanayorudiwa na wanafunzi, watafiti wanaoanza na hata watunza rekodi wenyewe, kila mara rekodi za ofisi zinapoombwa kwa ajili ya utafiti wa afya. Yameanzia kwenye msingi na kuishia kwenye hali zinazojitokeza kwa nadra. Jibu linapotegemea jingine, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Rekodi za kiutawala ni zipi hasa?

Ni kumbukumbu ambazo taasisi huziandika ili ifanye kazi yake ya kila siku: hospitali inapompokea mgonjwa na kumruhusu, mfuko wa bima unapolipa madai, msajili anapoandika kizazi au kifo, duka la dawa linapotoa dawa kwa cheti cha daktari, shule inapoandikisha wanafunzi, mamlaka ya kodi inapopokea taarifa za mapato. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyoanzishwa ili kumjibu mtafiti. Iliandikwa na mtu mwenye haraka, kwa fomu yenye nafasi zilizopangwa, kwa kusudi la kulipwa, kuhesabiwa au kutimiza sheria, na kila ugumu utakaojadiliwa hapa chini unatokana na jambo hilo.

Rejesta za magonjwa maalumu, kama vile rejesta za saratani, ziko mpakani. Zimeundwa kwa ajili ya kufuatilia ugonjwa, lakini hulishwa na rekodi za hospitali, maabara na vyeti vya vifo, kwa hiyo hurithi sehemu ya udhaifu wa vyanzo hivyo.

2. Kwa nini nizitumie ilhali ningeweza kuwauliza watu wenyewe?

Kwa sababu watu husahau, hukataa kujibu, huhama, na wengine hufa kabla ya kufikiwa na dodoso. Rekodi humgusa kila aliyepita kwenye ofisi husika, hurudi nyuma miaka mingi, na haibadiliki kwa sababu mhojiwa amemwonea aibu mhojaji.

Mfano ulio wazi unatoka jimbo la Oregon, Marekani, ambako mwaka 2008 nafasi za bima ya umma kwa watu wa kipato cha chini zilitolewa kwa bahati nasibu baada ya waombaji kuzidi nafasi kwa mbali. Watafiti waliwatumia wahusika dodoso, na pia wakachukua rekodi za hospitali. Majibu ya dodoso hayakuonyesha badiliko la maana katika matumizi ya vitengo vya dharura. Rekodi za vitengo hivyo, zilipochambuliwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2014, zilionyesha ongezeko la takriban asilimia 40 kwa waliopata bima. Swali lilikuwa moja, na vyanzo viwili vikatoa majibu mawili.

Hata hivyo ofisi haina kumbukumbu ya maumivu yaliyovumiliwa nyumbani, wala ya sababu iliyomfanya mtu asiende hospitali. Kwa mambo hayo dodoso halina mbadala.

3. Je, huu ni utaratibu mpya?

Hapana. Mwaka 1662 John Graunt, mfanyabiashara wa vitambaa wa London, alichapisha uchambuzi wa orodha za vifo zilizokuwa zikitolewa kila wiki jijini humo, hasa kwa ajili ya kutoa tahadhari ya tauni. Kutokana na orodha hizo na zile za ubatizo alionyesha, pamoja na mengine, kwamba wavulana huzaliwa kwa wingi kidogo kuliko wasichana.

Kinachovutia zaidi ni mashaka yake. Sababu za vifo ziliripotiwa na wanawake wazee waliotumwa kuiangalia maiti, na Graunt aliona kwamba vifo vya kaswende vilikuwa vichache mno kuaminika. Akahitimisha kwamba familia ziliwapa wanawake hao bia na malipo kidogo ili waandike sababu isiyo ya fedheha. Huyo ndiye mtafiti wa rekodi tunayemhitaji: anahesabu, kisha anauliza ni nani aliyeandika na alikuwa na sababu gani ya kuandika hivyo.

4. Nchi gani zimefika mbali katika kazi hii?

Nchi za Skandinavia hutajwa kwanza kwa sababu ya namba moja ya utambulisho ambayo mtu hupewa na kuitumia maisha yake yote. Sweden ilianza mwaka 1947, Denmark mwaka 1968. Namba hiyo inapoonekana hospitalini, shuleni, kazini na katika rejesta ya vifo, taifa zima huweza kufuatiliwa kama kundi moja la utafiti. Ndivyo ilivyowezekana mwaka 2002 kuchapisha utafiti wa watoto 537,303 waliozaliwa Denmark kati ya 1991 na 1998, ambao haukuona uhusiano kati ya chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji.

Namba ya taifa si sharti. Jimbo la Western Australia na lile la Manitoba, Kanada, yamejenga mifumo inayoheshimika kwa njia nyingine za kuunganisha, ambazo zimeelezwa katika swali la 10.

## Kuisoma rekodi ilivyo

5. Msimbo wa ugonjwa ukiandikwa, je, mgonjwa anao ugonjwa huo?

Si lazima. Msimbo ni alama fupi ya herufi na tarakimu inayosimama badala ya jina la ugonjwa. Chukua msimbo E11 wa toleo la kumi la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, yaani orodha ya misimbo ya Shirika la Afya Duniani; msimbo huo unasimamia kisukari cha aina ya pili. Ukiuona mara moja katika madai ya bima, huenda daktari alikuwa anashuku tu na akahitaji msimbo ili kipimo kilipwe. Toleo hilo lina msimbo maalumu kwa mgonjwa anayechunguzwa kwa ugonjwa unaoshukiwa, yaani Z03, lakini ofisi nyingi hazina mazoea ya kuutumia.

Ndiyo maana watafiti hutunga kanuni: mathalani, mtu atahesabiwa kuwa na kisukari ikiwa msimbo umeandikwa angalau mara mbili katika ziara tofauti ndani ya miaka miwili, au mara moja pamoja na dawa ya kisukari iliyotolewa. Kanuni kali huwaacha nje wagonjwa halisi. Kanuni legevu huwaingiza wasiohusika. Ipi inafaa hutegemea swali. Anayetaka kuhesabu mzigo wa ugonjwa katika jamii ataumia zaidi kwa kuwapoteza wagonjwa, ilhali anayetaka kulinganisha matokeo ya dawa mbili anahitaji kuwa na hakika kwamba waliomo ni wagonjwa kweli.

Kanuni yoyote haina budi kupimwa dhidi ya majalada ya wagonjwa, angalau kwa sampuli ndogo. Kuiazima kanuni iliyopimwa kwingine bila kuikagua ni uzembe unaosameheka mara moja tu, kwa kuwa kanuni haipimi ugonjwa peke yake. Inapima ugonjwa pamoja na tabia ya waandikaji wa mahali fulani katika kipindi fulani.

6. Je, sababu ya kifo iliyo kwenye cheti inaaminika?

Inatofautiana sana. Majeraha na saratani nyingi huandikwa vizuri kiasi. Tatizo liko kwenye misimbo isiyosema kitu, kama R99, yaani sababu isiyojulikana, au I50, moyo kushindwa kufanya kazi, ambao unaeleza jinsi mtu alivyokufa na si ugonjwa uliomfikisha hapo. Kabla ya kulinganisha maeneo mawili, hesabu kwanza ni sehemu gani ya vifo katika kila eneo imeangukia kwenye misimbo ya aina hiyo. Tofauti ikiwa kubwa, unalinganisha uandishi wa vyeti.

7. Idadi ya wagonjwa imepanda au kushuka ghafla. Je, ni mlipuko?

Anza kwa kushuku ofisi, kisha ndipo umshuku mdudu wa ugonjwa. Mabadiliko ya ghafla, hasa yanayoanza mwanzoni mwa mwaka wa fedha au wa kalenda, mara nyingi huletwa na fomu mpya, kanuni mpya ya malipo, kituo kilichofunguliwa au toleo jipya la uainishaji.

Marekani ilipoacha toleo la tisa la uainishaji na kuanza kutumia la kumi kwa vyeti vya vifo mwaka 1999, vifo vilivyohesabiwa chini ya influenza na nimonia vilipungua kwa takriban asilimia 30 kwa sababu tu kanuni za kuchagua sababu kuu ya kifo zilibadilika. Hili lilijulikana kwa kuwa vyeti vilevile viliwekewa misimbo kwa matoleo yote mawili. Nchi zinazohamia toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika rasmi Januari 1, 2022, zitapitia mpasuko wa namna hiyo, na atakayechora mstari mmoja kuvuka mwaka wa mabadiliko bila kuweka alama atakuwa anampotosha msomaji wake.

Malipo nayo yana nguvu yake. Hospitali inapolipwa zaidi kwa mgonjwa mwenye matatizo mengi, wagonjwa wataanza kuwa na matatizo mengi kwenye karatasi. Hapana haja ya kudhani udanganyifu; yatosha kwamba sasa kuna anayelipwa ili asisahau kuandika.

8. Asiyeonekana kwenye rekodi tumhesabu kuwa mzima?

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, na linastahili jibu refu.

Kutoonekana kuna maana nyingi. Huenda mtu ni mzima. Huenda ni mgonjwa lakini hospitali iko mbali, au alitibiwa kwenye kituo ambacho hakileti taarifa. Huenda amehama. Huenda amekufa na hakuna aliyekiandikisha kifo chake. Rekodi yenyewe huonyesha nafasi tupu katika hali zote hizo, na programu ya uchambuzi, isipoelekezwa vinginevyo, itaijaza nafasi hiyo kwa neno "hana".

Tatizo huwa baya zaidi pale kutoonekana kunapofuatana na umaskini, umbali au hofu ya ofisi, kwa kuwa jamii iliyo na huduma chache itaonekana kuwa na magonjwa machache. Mtafiti asiyekuwa macho anaweza kupendekeza fedha zipelekwe kwa wenye rekodi nyingi, nao ni wale waliokuwa na hospitali tangu mwanzo.

Kiwango chochote ni sehemu yenye kiasi juu na asili chini. Watafiti hutumia miezi wakikisafisha kiasi, yaani wagonjwa, na dakika chache kuipata asili, yaani watu ambao wangeonekana kama wangeugua. Katika rekodi za bima, asili ni wanachama kwa muda ule tu ambao uanachama wao ulikuwa hai. Katika rekodi za hospitali moja, mara nyingi asili haipo kabisa, na hapo ni heri kuripoti idadi bila kuigeuza kiwango. Katika rejesta ya wakazi, asili inaharibiwa na waliohama bila kutoa taarifa: wanaendelea kuhesabiwa kama wakazi, hawaugui, na kwenye karatasi hawafi kamwe. Ukikuta rejesta ina watu wengi wenye umri wa zaidi ya miaka 110, usitafute siri ya maisha marefu. Tafuta vyeti vya vifo ambavyo havikufika.

9. Rekodi hazina taarifa za uvutaji sigara, uzito au lishe. Nifanyeje?

Kuna njia tatu, na kila moja ina mipaka yake. Unaweza kutumia viashiria vya karibu, kama msimbo wa ugonjwa sugu wa mapafu badala ya uvutaji sigara, huku ukikumbuka kwamba vinawanasa wavutaji walioathirika sana tu. Unaweza kuunganisha rekodi na dodoso lililofanyika kwa sehemu ya watu haohao. Au unaweza kukadiria kwa hesabu ni kwa nguvu kiasi gani kitu kisichopimwa kingepaswa kuathiri mambo ili matokeo yako yafutike, kisha ukamwachia msomaji aamue kama nguvu hiyo inawezekana. Njia ya nne, ya kutaja upungufu huo katika sentensi moja mwishoni mwa makala na kuendelea kana kwamba haupo, ni maarufu lakini haisaidii.

## Kuunganisha rekodi

10. Rekodi za ofisi mbili huunganishwaje ikiwa hakuna namba moja ya utambulisho?

Wazo la kuunganisha ni la zamani. Mwaka 1946 Halbert Dunn, mtaalamu wa takwimu wa Marekani, alilieleza kama kitabu cha maisha ambacho kila mtu anakiandika, kikianza na kuzaliwa na kuishia na kifo, na kuunganisha rekodi ndiko kuzikusanya kurasa zake katika jalada moja. Howard Newcombe na wenzake nchini Kanada waliifanya kazi hiyo kwa kompyuta mwaka 1959, na Ivan Fellegi pamoja na Alan Sunter wakaiwekea msingi wa kihisabati mwaka 1969.

Kwa ufupi, rekodi mbili hulinganishwa kwa jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsi na makazi, na kila kinacholingana huongeza alama kulingana na uadimu wake. Kulingana kwa jinsi kunaongeza kidogo, kwa kuwa takriban nusu ya watu wangelingana kwa bahati tu. Kulingana kwa jina lisilo la kawaida kunaongeza sana. Kisicholingana hupunguza alama. Jozi zenye alama nyingi hukubaliwa, zenye alama chache hukataliwa, na zilizo katikati hukaguliwa na binadamu.

Ugumu wa majina usidharauliwe. Mbinu mashuhuri ya kupanga majina kwa sauti, Soundex, iliyosajiliwa Marekani mwaka 1918, ilitungwa kwa matamshi ya Kiingereza. Kwenye jamii ambamo mtu mmoja ni Mohamed hospitalini, Muhammad kwenye kodi na Mohammed shuleni, au ambamo mwanamke hubadilisha jina la ukoo anapoolewa, au ambamo tarehe ya kuzaliwa isiyojulikana huandikwa Januari 1, kanuni zilizoazimwa zitavunjika kimyakimya.

11. Makosa ya kuunganisha yana madhara gani?

Makosa ni ya aina mbili: kuwaunganisha watu wawili tofauti, na kushindwa kumuunganisha mtu na rekodi yake mwenyewe. La pili ndilo hujificha vizuri. Ukiunganisha wagonjwa na rejesta ya vifo, kila jozi iliyokosekana humgeuza marehemu kuwa hai, na kwa kuwa jozi hukosekana zaidi kwa wahamiaji, wanawake waliobadilisha majina na wasio na anwani ya kudumu, makundi hayo yataonekana kuishi muda mrefu kuliko ilivyo. Ni ugonjwa uleule wa swali la 8, isipokuwa safari hii umeletwa na mtafiti mwenyewe.

Kwa hiyo usiridhike na kuambiwa kwamba asilimia 95 ya rekodi zimeunganishwa. Uliza asilimia 5 iliyobaki ni akina nani, na dai jedwali linalowalinganisha waliounganishwa na wasiounganishwa.

12. Je, mtafiti anahitaji kuona majina?

Karibu kila mara, hapana. Utaratibu unaopendekezwa ni wa kutenganisha kazi: kitengo cha kuunganisha hupokea majina na tarehe bila taarifa za ugonjwa, hutengeneza namba bandia, na mtafiti hupokea taarifa za ugonjwa pamoja na namba hiyo bila majina.

## Ridhaa, faragha na sheria

13. Je, ni lazima kupata ridhaa ya kila mtu?

Sheria za nchi hutofautiana, na jibu la mwisho hutolewa na kamati ya maadili pamoja na mtunza rekodi. Mwelekeo wa kawaida ni kwamba kamati inaweza kuruhusu utafiti usio na ridhaa ya mtu mmoja mmoja endapo kuipata hakuwezekani kwa hali halisi, utafiti una thamani kwa jamii, na hatari kwa wahusika ni ndogo sana. Azimio la Taipei la Chama cha Madaktari Duniani, lililofanyiwa marekebisho mwaka 2016, linaweka misingi mahususi kwa hifadhidata za afya. Finland ilikwenda mbali zaidi mwaka 2019 kwa kutunga sheria ya matumizi ya pili ya data za afya, yaani kuzitumia nje ya matibabu yenyewe, na kuunda mamlaka moja ya kutoa vibali.

Kuomba ridhaa nako kunaweza kuharibu utafiti, kwa sababu wanaokubali huwa tofauti na wanaokataa au wasiopatikana. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini isigeuzwe kuwa kisingizio cha kutowaambia watu kitu. Uingereza ilifuta mwaka 2016 mpango wa kukusanya kitaifa rekodi za madaktari wa familia, baada ya malalamiko kwamba wananchi hawakuelezwa vya kutosha nani angezitumia na kwa kazi gani. Sheria iliruhusu mengi. Watu hawakuwa wameruhusu.

14. Majina yakiondolewa, data si tayari zimekuwa salama?

Hapana. Mwaka 2000 Latanya Sweeney alikadiria kwamba asilimia 87 ya wakazi wa Marekani wangeweza kutambulika kwa mambo matatu tu: tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsi na namba ya eneo la posta. Makadirio yaliyofanywa baadaye na mtafiti mwingine yalishusha kiwango hadi asilimia 63, tofauti ambayo haimpi mtu usingizi mwema. Mtiririko wa tarehe za kulazwa hospitalini ni kama alama ya kidole. Jirani anayezikumbuka mbili au tatu anaweza kuipata safu nzima.

Ndiyo sababu watunza rekodi wengi hawatoi tena faili. Mtafiti anaingia katika mazingira yaliyofungwa, anachambua humo, na kinachotoka ni majedwali yaliyokaguliwa. Ni usumbufu, na anayepanga bajeti ya muda aongeze miezi kadhaa kwa ajili yake.

15. Kwa nini nimeambiwa nifiche visanduku vya jedwali vyenye watu wasiofikia watano?

Kwa sababu jedwali linalosema mtu mmoja wa umri fulani katika kata fulani ana ugonjwa fulani limekwisha kumtaja. Kiwango cha chini hutofautiana kati ya taasisi, ingawa tano na kumi ni vya kawaida. Kumbuka pia kuficha kisanduku cha pili, la sivyo msomaji atakipata cha kwanza kwa kutoa kutoka kwenye jumla.

## Uchambuzi

16. Nina watu milioni tatu. Je, matokeo yangu hayana shaka?

Wingi huondoa makosa yanayotokana na bahati tu. Upendeleo, yaani kosa linalovuta matokeo upande mmoja, hauondoki, unakadiriwa kwa usahihi mkubwa zaidi. Kwa watu milioni tatu karibu kila tofauti itapita mtihani wa kitakwimu, hata ile isiyo na maana yoyote kwa mgonjwa, kwa hiyo ripoti ukubwa wa tofauti kwa namba halisi.

17. Je, rekodi zinaweza kuonyesha sababu na matokeo?

Zinaweza, kwa masharti magumu. Mtego mkuu ni kwamba wanaopata tiba hutofautiana na wasioipata tangu kabla ya tiba. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2006 ulitumia rekodi za wazee 72,527 kuangalia chanjo ya influenza. Wakati wa msimu wa influenza waliochanjwa walikufa kwa uchache, kama ilivyotarajiwa. Kisha watafiti wakaangalia kipindi cha kabla ya msimu, ambapo chanjo isingeweza kumkinga yeyote, na wakakuta pengo likiwa kubwa zaidi: hatari ya kufa ya waliochanjwa ilikuwa mara 0.39 ya ile ya wasiochanjwa. Wazee waliokuwa hoi hawakuwa wamefika kuchanjwa. Hilo halisemi kwamba chanjo haifanyi kazi. Linasema kwamba ulinganisho wa namna ile haukuwa na uwezo wa kuupima ufanisi wake.

Funzo la kiufundi ni kutafuta katika rekodi zako mahali ambapo athari haipaswi kuwepo, na kuangalia kama ipo. Zaidi ya hapo, tafuta hali ambamo tiba iligawanywa na kitu kisichohusiana na afya: bahati nasibu kama ile ya swali la 2, mpaka wa umri, au tarehe ambayo sera ilianza kutumika.

18. "Muda usioweza kufa" ni nini?

Tuseme unawaita "watumiaji wa dawa" wale waliochukua dawa ndani ya siku 90 baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali, na unaanza kuhesabu siku zao tangu siku ya kuruhusiwa. Aliyechukua dawa siku ya 80 alikuwa lazima awe hai siku zote 80. Aliyekufa siku ya 10 hakupata nafasi ya kuitwa mtumiaji. Dawa isiyofanya kitu itaonekana kurefusha maisha. Tiba yake ni kuzihesabu siku 80 za mwanzo katika kundi la wasiotumia, au kuanza kuwafuatilia wote siku ya 90. Kosa hili ni rahisi kulifanya hasa kwenye rekodi, kwa kuwa mtafiti anaiona historia nzima kwa wakati mmoja na kusahau kwamba wagonjwa waliiishi siku baada ya siku.

19. Naweza kutumia gharama za matibabu kama kipimo cha ugonjwa?

Kwa tahadhari kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science uliichunguza programu iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu ilikadiria gharama za baadaye badala ya ugonjwa wenyewe. Kwa kuwa fedha kidogo zaidi zilikuwa zikitumika kwa wagonjwa weusi wenye hali ileile, programu iliwaona kuwa wazima zaidi. Kuurekebisha upendeleo huo kungepandisha sehemu yao miongoni mwa waliochaguliwa kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Programu haikuwa na taarifa za rangi ya mtu. Ilikuwa na bili, na bili zilitosha.

## Hali zisizo za kawaida

20. Je, rekodi za marehemu zinahitaji ulinzi?

Kisheria inategemea nchi. Kanuni ya jumla ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika mwaka 2018, haiwahusu marehemu, ingawa nchi wanachama zinaweza kuweka sheria zao. Marekani huzilinda taarifa za afya kwa miaka 50 baada ya kifo. Kiutafiti, kumbuka kwamba kifo cha ugonjwa wa kurithi au kujiua kinaeleza habari za walio hai, na jedwali dogo la vifo lina hatari ileile ya swali la 15.

21. Nimeletewa majedwali yaliyojumlishwa tu, bila mtu mmoja mmoja. Yana faida?

Yanafaa kufuatilia mwelekeo, kupanga huduma na kutambua vituo visivyoleta taarifa. Hayafai kusema lolote kuhusu mtu mmoja: wilaya yenye maskini wengi ikiwa na wagonjwa wengi wa moyo, haimaanishi kwamba maskini ndio wagonjwa. Hesabu kila mwezi ni vituo vingapi kati ya vilivyotarajiwa vimeleta ripoti, kabla ya kuangalia safu nyingine yoyote.

22. Katika uchambuzi nimegundua mgonjwa anayepewa dawa mbili zisizopaswa kutumiwa pamoja. Nimtafute?

Usijaribu kumtambua wewe mwenyewe. Kufanya hivyo karibu kila mara ni kuvunja mkataba wa matumizi ya data, na namba bandia uliyonayo haikupi uhakika kwamba dawa zote mbili zilimezwa. Mjulishe mtunza rekodi kwa maandishi, ukitaja namba bandia na tarehe, naye ndiye mwenye uwezo na wajibu wa kuurudisha ujumbe kwenye kituo kilichotoa huduma. Kwa kuwa jambo kama hili haliwezi kutabirika, ombi lako kwa kamati ya maadili liseme tangu mwanzo nani atajulishwa, kwa njia gani na ndani ya siku ngapi. Mara nyingi mtunza rekodi atajibu kwamba mgonjwa aliandikiwa dawa ya pili baada ya ya kwanza kusimamishwa, na kwamba kusimamishwa huko hakuna sehemu ya kuandikwa kwenye fomu.